Ng'ombe wa Mahari Aliyerudi Kwao

Mwanangu Mabula,

Bibi yako ametuponza. Tangu juzi watu wanaingia hapa nyumbani na nyuso za msiba, huyu na unga kwenye kisado, yule na jogoo kwapani, wananishika mkono na kusema pole mama Mabula, ndiyo dunia, Mungu atamfungulia. Nikawa napokea tu, nashangaa. Jana ndipo nilipojua kwamba bibi amepita nyumba kwa nyumba akiwaambia majirani kwa Kisukuma kuwa mjukuu wake anakwenda gerezani. Habari ya kwamba unakwenda kusomea uaskari magereza hakuitaja. Kwake yeye gereza ni gereza, anayeshika funguo na anayefungiwa wote wanalala humo humo. Unga nimeupokea. Jogoo ndiye yule uliyemla mchana, na mzee aliyemleta nilimwambia ukweli jogoo akiwa tayari chunguni. Alicheka mpaka akakaa chini, halafu akakaa hadi nyama ilipoiva.

Sasa umekwenda katikati ya mji kuaga wenzako. Baba yako yuko uani anafunga begi lako kwa mipira ya baiskeli kana kwamba ni tenga la samaki, na mimi nimekaa mlangoni ambapo mwanga haujaisha. Sitakuandikia habari za kufua soksi wala kula kwa wakati. Hayo ama unayajua, ama utafundishwa kwa filimbi. Nakuandikia kwa sababu ya lile swali lako.

Tulikuwa tunapukuchua mahindi, wewe na mimi, ukaniuliza bila kuinua kichwa: "Mama, wakinipanga gereza alilomo yule aliyemuua mjomba, nimfanyeje?" Nikakujibu kwa mzaha kwamba umpe ugali usioiva. Ukacheka, nikacheka, tukaendelea na mahindi. Lakini mimi nimekuzaa, najua unavyouliza unapotaka kucheka na unavyouliza unapotaka jibu. Jibu sikuwa nalo. Nimezunguka nalo shambani, nimekwenda nalo kanisani, nimerudi nalo. Leo naona limekomaa kidogo, basi nakupa lilivyo.

Mjomba wako Maduhu nilimlea mwenyewe. Alikuwa wa mwisho kwetu, na mgongo huu unaouma wakati wa palizi ni yeye aliyeuzoesha mzigo. Alipoanza kuendesha bodaboda hapa Bariadi alikuwa anapita hapa kila asubuhi kunisalimia na kunywa uji wangu, halafu anasema uji wa mke wake ni mtamu zaidi. Unakumbuka alivyokuwa akipiga ngoma ya kwaya, mpaka padri anasahau kuanza misa. Kijana mmoja alimkodi jioni, akampeleka njia ya mashambani, akamuua kwa ajili ya pikipiki. Kijana wa huku huku, Msukuma mwenzetu. Mahakamani hakubisha sana.

Siku ya hukumu nilikuwepo. Jaji aliposoma kwamba atanyongwa hadi kufa, nilipiga vigelegele. Ndiyo, mama yako mwanakwaya, mahakamani, mpaka askari akaja kuniambia mama, hapa si harusini. Nilirudi nyumbani nikachinja kuku, nikanunua na soda. Wewe ulikuwa shule ya bweni, hukuona mezani kulivyokuwa. Baba yako, unayemjua anavyopenda paja la kuku, alilisukuma pembeni.

Nikamwambia, "Kula basi. Leo Maduhu amepata haki yake."

Akasema, "Nimeshiba."

Nikajua hajashiba. Nikamkasirikia. Nikamuuliza kama anamtetea muuaji wa shemeji yake. Akanawa mikono polepole, akasema maneno ambayo sijawahi kukusimulia: "Simtetei. Ila mimi nimewahi kufungwa kwenye nguzo nikasikia watu wanaulizana nani aanze. Chakula cha namna hii hakinishuki."

Nikaanza kukusanya sahani, mwanangu, kwa sababu aliyemfungisha kwenye ile nguzo ni mimi.

Usishtuke. Wewe umeisikia habari hii maisha yako yote bila kujua. Baba yako anaponiita mpiga mwano, nyinyi watoto mnadhani ananitania kwa sauti yangu ya kwaya. Na lile kovu la kichwani ambalo ukiwa mdogo ulikuwa unalipitishia kidole, ambalo yeye anasema alianguka na baiskeli, ni kweli baiskeli ilikuwepo. Kuanguka alianguka pia. Hakusema tu nani alimwangusha.

Nilikuwa msichana, bado niko kwetu Zagayu. Dada yangu Ng'wasi, mama yako mkubwa, alikuwa ameolewa muda si mrefu upande wa Lagangabilili, na ng'ombe wa mahari yake walikuwa wameletwa zizini kwa babu yako. Kati yao kulikuwa na jike mmoja mwekundu, pembe moja imepindia jichoni. Yeye hakukubali kuolewa. Wenzake walikula majani wakasahau, yeye kila jioni alisimama peke yake kwenye kona ya zizi, anatazama upande wa kwao, analia kidogo kidogo kama mtu anayeongea na simu ambayo mtandao wake ni mbovu.

Kufunga zizi ilikuwa kazi yangu. Siku hizo mlango ulikuwa matawi ya miiba. Unayavuta, unayasokota yashikane, halafu unalaza gogo kwa nje. Jioni ile nilikuwa nachelewa mazoezi ya kwaya. Nilivuta matawi, gogo nikaliacha. Niliimba vizuri sana siku hiyo.

Asubuhi nakwenda kukamua, matawi yamesukumwa, ng'ombe mwekundu hayupo. Nikuambie kweli, sikuogopa ng'ombe kupotea. Nilimwogopa baba. Babu yako ungeweza kumpotezea mtoto akakusamehe kabla hujamaliza kusimulia, lakini ng'ombe, hapana. Basi nikasimama pale penye miiba nikapiga mwano.

Wewe umekulia mjini, mwano umeusikia mara chache. Ni lile yowe letu la hatari. Likipigwa, kila mwanamume anayeweza kutembea anatoka na fimbo yake au mkuki, na asiyetoka ataulizwa alikuwa wapi. Mwano haupigwi kwa sababu ya mlango ulioachwa wazi. Unapigwa kwa sababu ya mwizi. Kwa hiyo mimi, mwanangu, nilimtengeneza mwizi kwa koo langu, akiwa bado hana uso.

Wanaume wakaja, wakaziona kwato kwenye umande, wakazifuata. Zilikwenda njia ya Lagangabilili. Mbele kidogo pembeni ya kwato pakatokea alama ya tairi la baiskeli, na hapo hasira ikapanda, maana sasa mwizi alikuwa na usafiri. Wakamkuta kijana mmoja anasukuma baiskeli yenye tenga la samaki wakavu, na pembeni ya baiskeli, amefungwa kwa mipira ya mizigo, ni ng'ombe wetu.

Alikuwa ametoka Kalemela, kando ya ziwa, anakuja kuuza samaki. Alimkuta yule ng'ombe ndani ya pamba ya mtu, anakula. Akaona akimwacha, mwenye pamba atamkatakata, basi akamfunga akamwacha achague njia, akisema moyoni ng'ombe anajua kwao, atanifikisha kwa mwenyewe. Wazo zuri kabisa. Kosa lake ni kwamba alikuwa mwema bila shahidi.

Sisi wanawake tulipofika nyuma yao, alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya zizi la mji wa karibu, boma la watu fulani, kwa mipira yake mwenyewe, damu inamtoka kichwani. Na watu wazima walikuwa wamekaa kujadili. Wengine walitaka apelekwe polisi Bariadi. Wengine wakasema huko polisi atalala leo tu, keshokutwa yuko barabarani anachagua ng'ombe mwingine, amalizwe hapa iwe fundisho. Mmoja aliyekuwa anajichukulia samaki kwenye tenga alisema, mdomo umejaa, kwamba sheria ya serikali ina mzunguko mrefu. Siku hizi redioni wanapojadili kunyonga na kutonyonga huwa nasikia maneno yale yale, ila redioni hawatafuni.

Nikaitwa mimi, mwenye mwano.

"Binti, huyu ndiye?"

Sikuwa nimemwona mtu yeyote usiku. Nilikuwa nimelala fofofo baada ya kwaya. Lakini baba yangu alikuwa njiani anakuja, na lile gogo lilikuwa limelala pale nilipoliacha. Nikasema, "Ndiye."

Neno lenyewe dogo hivyo. Halikunimalizia hata pumzi.

Basi wakaanza kuulizana nani aanze. Hapo niliona kitu ambacho sijakisahau. Wale waliokuwa wakisema zaidi walirudi nyuma kidogo kidogo. Mmoja aliinama kufunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa kandambili. Kila mmoja alitaka mtu yule afe, na kila mmoja alitaka afe kwa mkono wa jirani.

Ndipo babu yako akafika, anahema. Usidhani alikuja na busara. Hata hakumtazama yule kijana. Alimtazama ng'ombe, amefungwa juani kwenye baiskeli, ulimi nje. Akasema, "Mtu wenu mtajua wenyewe. Mimi nataka kujua nani kamfunga ng'ombe wangu juani." Akaniamuru nichukue ndoo kwenye mji ule, nimpe ng'ombe maji.

Nikachota. Ili nimfikie ng'ombe ilinilazimu kupita karibu na ile nguzo, karibu kabisa, maji yakanimwagikia miguuni. Na yule kijana, na uso wake ule, akanisalimia.

"Mwangaluka, dada."

Sikuitikia.

Mabula, wewe ni Msukuma hata kama unajifanya wa mjini. Unajua kwetu hata mtu unayemdai, hata aliyekutukanisha kwa wakwe, mnasalimiana kwanza, habari za nyumbani, habari za mvua, mnamaliza zote, ndipo mnagombana. Salamu haikatwi. Mimi niliikata. Nilipita na ndoo kwenda kumpa ng'ombe maji, na mtu mwenye kiu nikamwacha na salamu yake mdomoni.

Ng'ombe akafunguliwa. Akanusa ndoo, akaipiga teke, akaondoka. Hakukimbia. Aliondoka kama mama aliyekumbuka chungu chake jikoni. Vijana wakataka kumkamata, babu akasema mwacheni, akichoka atageuka mwenyewe kurudi kwangu. Hakugeuka. Basi mwano mzima, mikuki na fimbo na wanawake na mimi na ndoo yangu tupu, tukawa tunamfuata ng'ombe mmoja njiani, mpaka akakata kushoto, akapita kwenye mihogo, akasimama mlangoni mwa zizi la wakwe wa dada yangu na kulia. Ndani ng'ombe wenzake wakamjibu.

Ng'wasi akatoka, kitenge kifuani, akatutazama mmoja mmoja.

"Mbona mmemrudisha na jeshi?" akasema. "Mmeghairi mahari?"

Babu yako alikohoa. Halafu wanaume wakageuka, na nakuhakikishia walirudi mbio kuliko walivyokuja, kwenda kumfungua yule kijana. Alipofunguliwa, kitu cha kwanza alichouliza ni samaki wake wako wapi. Kwenye tenga vilikuwa vimebaki vichwa.

Ndiye baba yako huyo.

Alirudi baada ya kupona, na baba yake na wajomba wawili, kudai samaki. Babu akasema watalipwa baada ya kuuza pamba. Baada ya pamba akasema mvua zikikatika. Baba yako akawa anakuja kufuatilia kila siku ya mnada, na kila akija mama yangu ananiambia nimpe mgeni chakula. Sijui alianza lini kufuatilia kitu kingine. Ilipofika siku ya kujadili mahari yangu, yeye mwenyewe aliomba kitu kimoja tu, kwamba ng'ombe wake wafungiwe zizi lenye mlango wa mbao. Samaki hadi leo hawajalipwa. Amesema atawadai mbinguni, kwa babu moja kwa moja.

Kuhusu gogo nilikiri kwa padri kabla ya kukiri kwake. Ilinichukua muda mrefu, wewe ulikuwa tayari unatambaa. Nilimwambia nikilia. Yeye akaendelea kukuvalisha suruali, akasema, "Lile gogo nililiona siku ya kwanza nilipokuja kudai samaki. Lilikuwa limelala pembeni ya mlango, limeota uyoga." Alijua, mwanangu. Alinioa huku anajua. Ndiyo maana nikikasirika siwezi kumtupia neno kubwa mtu huyu. Kila ninapotaka, naona uyoga.

Sasa utaniambia, mama, baba alikuwa hana kosa, na yule wa mjomba aliua kweli. Hata mimi nilimwambia hivyo baba yako, siku ile ya kuku. Alinijibu kwamba anajua. Akasema walewale waliomfunga yeye nao walikuwa na uhakika, na shahidi alikuwepo, mwenye sauti nzuri.

Sikudanganyi kwamba nimetulia. Mkesha wa Krismasi, kwaya ikisimama na ngoma inapigwa na mtu mwingine, mimi naitaka ile kamba ya kumnyongea. Naitaka kabisa, na huku naimba amani duniani. Asubuhi yake nasema hapana, Bwana, nisamehe. Kwenye jumuiya tumelijadili. Mmoja akasoma jicho kwa jicho, mwingine akasema na Yesu naye alihukumiwa, na umati ulikuwepo, na ulikuwa na uhakika. Tukapandishiana sauti mpaka mwenyekiti akaanzisha wimbo kwa sababu chai inapoa. Baba yako na mimi hatujakubaliana. Tunakula sahani moja, tunasali rozari moja, na kwa jambo hili kila mtu ana upande wake wa kitanda.

Na yule kijana yupo tu. Hajanyongwa, wala hajaambiwa kwamba hatanyongwa. Wanasema siku nyingi hakuna aliyenyongwa, wanakaa wanasikiliza mlango. Nilipoambiwa hivyo mara ya kwanza nilifurahi, kwamba ateseke. Baadaye nikakumbuka watu wakiulizana nani aanze. Baba yako alisikiliza kwa muda mfupi, akapata jinamizi la miaka. Huyu anausikiliza mlango kila siku.

Kwa hiyo jibu langu ni hili, na ni dogo, usitegemee kubwa kutoka kwa mtu wa darasa la saba. Kamba haitakuwa mkononi mwako. Iko kwa majaji, iko kwa wabunge, iko kwa yule mkubwa ambaye ni lazima asaini. Waache waijadili, na wewe ukiwa na maoni yako uwe nayo, hata yakiwa tofauti na yangu. Mkononi mwako kutakuwa na funguo na sahani ya ugali. Ugali uive. Nilisema mzaha, naufuta. Usimpige. Usimwambie wewe ni nani, kama huwezi kumwambia bila kutetemeka. Sikuombi umsamehe, maana mimi mwenyewe sijamaliza, siwezi kukutuma dukani kununua kitu ambacho sijui kama kipo.

Lakini ni mtoto wa huku, na huko mtakakokuwa Wasukuma hawatakuwa wengi. Atakusikia unavyoongea, atajua unatoka wapi. Ipo asubuhi utapita karibu na mlango wake na ndoo au sahani mkononi, na atakuambia mwangaluka.

Mimi nilipita.

Wewe itikia, baba. Itikia mpaka mwisho, habari za nyumbani, habari za mvua, hata kama meno yanauma. Kisha nenda zako na kazi yako. Hilo ndilo pekee ninalokuomba, kwa niaba yangu na kwa niaba ya yule msichana mwenye ndoo, ambaye ana deni la salamu na hajui amlipe nani, kwa sababu kila akimwitikia baba yako asubuhi, yeye anasema umechelewa, mpiga mwano, na anacheka.

Nasikia pikipiki inayokuleta inakata kona. Baba yako anaita nije nione begi, anasema amelifunga hata ng'ombe mwekundu asingetoka humo. Kesho utahitaji kisu kulifungua, nimekuwekea kimoja mfukoni mwa nje. Na bibi anauliza kama gerezani watamruhusu kukuletea karanga.

Mungu akutangulie. Kesho asubuhi nitakuwa wa kwanza kukusalimia. Uniitikie kwa sauti, majirani wasikie, wajue ninayemsindikiza si mfungwa.

Mama yako